Mjumbe wa Simu: Neno la Mzee Mikononi mwa Mjukuu

Wahenga wanasema: mjumbe hauawi. Tangu utoto tunaisikia methali hii, na kila mara tunaielewa upande mmoja tu, kwamba mwenye kuleta habari mbaya asipigwe, kwa maana si yeye aliyeifanya. Lakini kuna upande wa pili. Mjumbe hauawi kwa sababu watu wote wanategemea kwamba atalifikisha neno. Yule anayelificha njiani si mjumbe tena. Amejifanya mwenye neno.

Ndugu msomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kuongea juu ya mahari, matanga, majina na ngoma. Leo tunapenda kuongea juu ya kitu ambacho wengi watasema si desturi hata kidogo: simu yenye intaneti mikononi mwa wazee wetu. Sisi tunaona kwamba ni jambo la desturi kabisa, juu wazee wengi hawaitumikishe peke yao. Wanaitumikisha kwa macho na vidole vya wajukuu. Na pale mtu anaposikia kwa sikio la mwingine na kusema kwa mdomo wa mwingine, mababu walikwisha kuweka sheria zamani. Swali letu ni hili: mjukuu anayemsomea mzee simu, ao wazazi wa mjukuu huyo, wana haki ya kuchagua neno gani limfikie mzee na neno gani lisimfikie?

Hatuulizi kwa kujifurahisha. Swali hili liliingia nyumbani mwetu, na tulilijibu vibaya.

1. Namna simu ilivyoingia nyumbani

Mama yetu anakaribia miaka 80. Anaishi hapa Uvira, si mbali na mto Mulongwe. Hakuingia masomo hata siku moja. Wakati wake, kwao upande wa Fizi, msichana alibaki shambani. Mdogo wake wa tumbo moja, mjomba wetu, alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakati wa vita, akafika kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Alisema anakwenda kwa miezi michache. Hakurudi tena.

Miaka ya kwanza, habari zilipita kwa karatasi ya Msalaba Mwekundu, ile isiyofungwa katika bahasha na isiyokubali habari za siasa wala za vita, habari za jamaa tu. Mama alisema, sisi tuliandika, kwa kuwa tulikuwa mwanafunzi wa sekondari na tulikuwa na mwandiko mzuri. Na hapa inafaa tuungame kitu. Siku moja mama alisema: "Andika kama tunalala njaa." Tuliona haya. Tukaandika: "Sote tuko salama, Mungu anatusaidia." Mama hakuweza kusoma, aliipapasa karatasi, akashukuru. Miaka ilipita, simu za mkononi zikafika, na siku ya kwanza walipoongea, mama akamkumbusha ndugu yake ile njaa. Mjomba alishangaa sana: "Njaa gani, dada? Barua ilisema muko salama." Mama alitutazama tu, hakusema neno. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba uovu huu uliletwa na intaneti. Ulianza na kalamu, na mkono ulikuwa wetu.

Mwaka 2019 kaka yetu aliye Bujumbura alimtumia mama simu ya kugusa yenye WhatsApp. Tulicheka kidogo: mama asiyejua herufi atafanya nini na hiyo? Kumbe hakuhitaji herufi. Binti yetu, aliyekuwa na miaka 12, alimwonyesha fasi ya kukandamiza ili sauti iingie, na pembe tatu ndogo ya kugusa ili sauti ya mwingine itoke. Mama alimtambua kila mtu kwa foto yake. Alijua pia zile alama ndogo: moja, neno limetoka, mbili, limefika, zikiwa za bluu, ndugu yangu amelisikia. Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, alimtumia mjomba odio: kaamka namna gani, mvua imenyesha ao hapana, nani amezaa, nani ameoa. Mega zilipokwisha, alitukumbusha kama vile mtu anavyokumbusha chumvi. Mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu, ni kwa sauti hiyo mjomba alijua kwamba dada yake ni mzima, kabla hata sisi hatujamaliza kuhesabu majirani.

2. Siku kumi na moja

Mwaka 2022, jioni moja, ujumbe uliingia kwa maandishi, si kwa sauti. Binti yetu, sasa mwenye miaka 15, ndiye aliyeshika simu. Alisoma kwamba mjomba amefariki kambini. Hakumwambia tate yake. Alituletea simu jikoni, mikono inamtetemeka, akasema: "Baba, soma."

Tuliita ndugu zetu usiku ule ule. Mama ana ugonjwa wa tansio. Daktari alikuwa ametuonya mwezi uliopita asipate mshituko. Tena mpaka, safari, makaratasi: hata angejua, hangefika kuzika. Tukakata shauri: tungoje kwanza, apate nguvu. Hatukuweka siku. Binti tukamwamuru anyamaze.

Asubuhi mama alituma odio yake kama kawaida. Kesho yake tena. Binti alikaa karibu naye, akimshikia simu, akimsikia anamsalimu marehemu. Siku ya nne mama aliuliza: "Juu ya nini ile alama inabakia moja tu?" Tulimjibu kwamba koneksio ya kule iko mbaya. Siku ya saba akasema neno ambalo hatutalisahau: "Simu yake njo imezimika, ao yeye njo amezimika?" Tulicheka, tukamwambia asiwaze hivyo. Tulicheka, ndugu msomaji.

Siku ya kumi na moja, usiku, mpwa mmoja aliyeko Kigoma alituma odio ya kilio, akiuliza mbona dada wa marehemu hajasema hata neno moja la pole kwa mjane. Binti alikuwa amelala. Mama aliona foto, akagusa ile pembe tatu peke yake, kama alivyofundishwa. Alilisikia neno hilo katika giza, hana mtu pembeni.

Hakuanguka. Tansio haikumuua. Alikaa mpaka kulipokucha, akatuita wote. Hakupiga kelele. Alisema: "Muliogopa nitakufa. Sasa munione, niko hai. Lakini mulininyanganya siku kumi na moja za kumulilia ndugu yangu, na kule wananiita mutu hana moyo. Hizo siku mutanirudishia wapi?" Halafu akamgeukia binti: "Na weye, nilikupatia macho yangu. Uliyafunga juu ya nani?" Mtoto alilia sana. Kwa siku nyingi hakugusa tena simu ya tate yake, na hata chakula kilimshinda.

3. Wanaotutetea

Wenzetu kadhaa, walimu na watu wa kanisa, walitutetea. Tunapenda kuweka sababu zao wazi, kwa maana si za kipumbavu.

Sababu ya kwanza ni ile ya uzima. Mtoto ana wajibu wa kulinda maisha ya mzazi wake. Ukijua kwamba neno linaweza kuua, kulitupa ni sawa na kutupa kisu.

Sababu ya pili ni ya desturi yenyewe. Wanasema: hata zamani kifo hakikutangazwa hovyo. Hii ni kweli. Sote tumeona namna inavyofanyika. Mfiwa haambiwi akiwa njiani peke yake, wala sokoni na mzigo kichwani. Anaambiwa: "Rudi nyumbani, fulani anaumwa sana." Wanamngoja afike, akae, pengine ale kidogo. Mtu mzima, mara nyingi mjomba ao shangazi, ndiye anayefungua mdomo, na watu wamekwisha kukaa pande zote ili wamshike. Basi, wanasema, ninyi mlifanya tu kama mababu: mlichelewesha.

Sababu ya tatu ni ya nyakati zetu. Simu inaleta takataka nyingi: dawa za uongo, kama zile tulizozisikia wakati wa Covid mwaka 2020, habari za vita zilizochanganywa na foto za nchi zingine, watu wanaojifanya jamaa ili wapate feza. Mzee asiyesoma atapambanua namna gani? Lazima mtu achuje.

4. Jibu letu

Tuanze na sababu ya desturi, juu ndiyo yenye uzito hapa. Ni kweli mababu walichelewesha neno. Lakini tuangalie vizuri walifanya nini katika kuchelewesha huko. Walikuwa wanapanga: nani aseme, fasi gani, saa gani, nani akae karibu. Ucheleweshaji wao ulihesabiwa kwa saa, na ulikuwa na mwisho unaojulikana. Kila hatua ilimsogeza mfiwa karibu na neno. Sisi hatukupanga kitu. Hatukumchagua msemaji, hatukuweka siku, hatukuita shangazi. Tulingoja tu, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Tukiwa wakweli, baada ya siku ya tatu hatukuogopa tena tansio ya mama. Tuliogopa macho yake.

Hapa ndipo tunaona sheria ya mjumbe. Mjumbe anaweza kuchagua saa. Anaweza kuchagua mdomo. Hawezi kuchagua kama neno lifike ao lisifike, kwa kuwa neno si lake. Lilitoka kwa mtu, linakwenda kwa mtu. Yeye ni daraja.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo, katika nchi yetu hii. Walokele, wavuvi wa mto Kongo upande wa Kisangani, walijulikana sana kwa ngoma zao za mti za kupeleka habari. Mmisionari Mwingereza John Carrington aliandika juu yao kitabu mwaka 1949. Ngoma hiyo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo haiwezi kusema neno fupi: mpigaji analiongezea maneno mengi, mpaka msikilizaji asikosee. Angalia basi: chombo kilikuwa na upungufu, na mpigaji alijitaabisha ili neno lieleweke. Upungufu wa chombo haukumpa ruhusa ya kulipunguza. Leo mjukuu ndiye mpigaji wa ngoma. Mzee hajui kusoma: huo ni upungufu wa njia, nao unaongeza kazi ya mjumbe, hauongezi mamlaka yake.

Sasa sababu ya uzima. Tunakubali kwamba daktari alituonya. Lakini daktari hakusema "mfiche". Alisema "asishituke". Tungeweza kumwita muuguzi wa mtaa, kumpima mama asubuhi, kukaa wote chini ya mwembe, na kusema. Badala yake, alishituka usiku, peke yake, na hasira juu ya huzuni. Methali inasema: mficha ugonjwa, kilio kitamfunua. Sisi tulificha kilio chenyewe, na kimetufunua vilevile. Tena kuna kitu kikubwa kuliko tansio. Mtu mwenye miaka karibu 80 amezika wazazi, bwana, na watoto wawili. Anajua kufiwa kuliko sisi sote. Kumtendea kama mtoto mbele ya kifo ni kumnyanganya kile ambacho uzee ulimpa kwa bei kali.

Kuhusu kuchuja, tunatenganisha vitu viwili. Kuna kelele za barabara: zile video na habari zinazopita kila simu, ambazo hakuna aliyemtumia mama kwa jina lake. Hizo, mjukuu akisema "Tate, hii ni uongo, tuache," anafanya kazi njema, hasa akimweleza sababu. Na kuna neno lenye mwenyewe: la ndugu kwa dada, la mtoto kwa mzazi. Hilo halichujwi. Sote tunakumbuka kwamba tangu tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima kwa karibu majuma matatu. Walisema ni kwa ajili ya usalama, watu wasipotoshwe. Tulikasirika sana, sisi walimu mbele ya wote: nani amewapa haki ya kuamua tunachoweza kusikia? Basi, yale tuliyokataa kutendewa na wakubwa, tulimtendea mama nyumbani, na kwa sababu ile ile.

5. Mtoto tuliyempandisha asipopaswa

Kuna kosa lingine ambalo hatukuliona upesi, nalo ni juu ya binti. Katika desturi tuliyoieleza, mtoto hakupewa kamwe kazi ya kupokea habari ya kifo. Watu wakubwa walisimama mbele yake. Lakini simu haichagui nani ameishika. Sisi tulimkabidhi mtoto wa miaka 12 simu ya tate yake kama mchezo, na hatukufikiri kwamba kupitia pale zingepita siri zote za ukoo: magonjwa, ugomvi wa mashamba, madeni, vifo. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tulimfanya mtoto kuwa kata ya mtungi wa wazee, halafu, neno zito lilipofika, tukamwagiza adanganye. Alisikia odio za mama kwa marehemu, asubuhi kwa asubuhi, siku kumi na moja, akiwa ameketi pembeni. Katika hesabu ya nani aliumia zaidi, hatuna hakika kwamba ni mama.

Ni vile vile kwa feza. Katika familia nyingi mjukuu ndiye anayejua namba ya siri ya M-Pesa ya mzee. Wengi ni waaminifu. Lakini uaminifu wa mtoto ni kitu cha kukuza, si cha kujaribu kila siku. Mzee anayeweza kukariri majina ya ukoo mpaka kizazi cha saba anaweza kukariri tarakimu nne. Mama yetu alizijifunza kwa muda wa siku mbili, kwa kuhesabu michoro kwenye vioo vya simu kama mafungu ya mihogo. Juu ya nini hatukumfundisha mapema? Kwa kuwa ilikuwa rahisi kwetu asijue.

6. Tulivyopatana

Baada ya matanga, ambayo tuliyafanya kwa kuchelewa na kwa haya, tulikaa na mama tukapatana. Tunayaandika hapa, si kama amri kwa wengine, bali ili kila nyumba iangalie yake.

Kwanza, neno la mtu kwa mama litamfikia mama. Likiwa zito, jamaa wa mbali watamwita kwanza mtu mzima mmoja wa nyumba, naye atasema siku hiyo hiyo, kungali mchana, watu wakiwa wameketi. Mama mwenyewe ndiye aliyeweka hayo: "Muniambie kukiwa kweupe, na mukae."

Pili, anayemwandikia mama ataandika alivyosema, hata kama inatia haya. Akimaliza, atamsomea.

Tatu, kinachopita katika simu ya mama hakitembei. Hakipelekwi kwenye grupe za vijana wala kwa majirani.

Nne, mama naye atajifunza kila anachoweza kujifunza, kwa maana mzee anayekataa kujifunza anamtwika mjukuu mzigo bure. Hapa wazee pia wana deni lao.

Tano, binti si mjumbe wa kifo. Akiona neno la namna hiyo, analileta kwetu, na sisi hatutamwomba tena anyamaze.

Je, wako watakaosema kwamba kwa mzee mwenye moyo mgonjwa kweli, aliyelala hospitalini, tungefanya tofauti? Labda. Hatusemi kwamba hakuna saa ya kungoja. Tunasema kwamba anayengoja aweke siku, amchague msemaji, na ajiulize kila jioni anamlinda nani. Jibu likiwa "najilinda mimi," saa imekwisha kupita.

Mama aliisamehe nyumba yake, lakini hakutuambia kwamba tulifanya vema, wala sisi hatukumwomba aseme hivyo. Zile odio tatu za mwisho, zenye alama moja tu, hakukubali zifutwe. Ziko hata sasa katika simu. Binti alirudi kumsaidia baada ya mwezi mmoja, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, mama anamuuliza: "Iko neno?" Naye anajibu yale aliyoyaona.

Tunaacha mazungumzo kwa wasomaji. Kila mmoja wetu ana mzee nyumbani, na wengi wetu, tusisahau, tutakuwa hao wazee kesho, tukimpa mtoto fulani simu, na kungoja atuambie kilichoandikwa.